Wapakiaji filamu wa Goma: mnachukua pesa, mnatupa mafaili mabovu, na hakuna anayewajibika!

Ndugu na dada wa Goma, nawasalimu. Nimevumilia sana, leo nasema mbele ya wote. Hawa vijana wanaotupakia filamu kwenye fulashi, kwenye masekretaria (vibanda vya fotokopi na kompyuta) ya Birere, Majengo, Katoyi, Ndosho mpaka pembeni ya soko la Virunga, wanakula pesa zetu bure. Sisemi mmoja, nasema karibu wote niliowahi kuwapa kazi. Na kinachonichoma zaidi si filamu mbovu yenyewe. Ni kwamba ukirudi kulalamika, humpati mtu hata mmoja anayekubali kuwa ni yeye aliyekuuzia.

Sikilizeni la Jumamosi. Nilipeleka fulashi nikaomba katuni za watoto, filamu ya Kihindi yenye tafsiri ya Kiswahili kwa ajili ya mama mkwe wangu, na moja ya mapigano ambayo mume wangu aliitaja kwa jina. Kijana hakuuliza kitu. Macho yako kwenye simu, mkono unavuta mafaili, nyuma yangu watu wanangoja fotokopi. Akaichomoa fulashi, akanipa, franga akatia mfukoni.

Jioni umeme ulikuwepo, na anayekaa Goma anajua kwamba jioni kama hiyo haipotezwi. Tukakaa wote. Katuni ikaanza vizuri, watoto wanacheka, mara katikati likaingia tangazo la kubeti, wanawake nusu uchi, sauti imepandishwa kuliko ya katuni yenyewe. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka minne, yuko mbele kabisa anatazama. Nikakimbilia rimoti, nikarusha mbele, baada ya muda mfupi likarudi tena. Limeshonewa humohumo ndani, huwezi kulitoa. Ya mume wangu: picha safi, sauti hakuna, midomo inacheza tu. Ya mama mkwe ndiyo iliyoniuma kuliko zote, kwa sababu yule mama hajui Kifaransa wala Kiingereza na wiki nzima alikuwa anaisubiri. Jina la faili ni la filamu niliyoomba, ndani ni filamu nyingine kabisa, tena imekatika kabla hata ya nusu. Akauliza kama ndiyo imeisha. Nikakosa la kumjibu.

Jumatatu nikarudi. Kijana akaniambia, "Mama, hapa kwangu inacheza." Akaifungua ile isiyo na sauti kwenye kompyuta yake, na kweli sauti ikatoka. "Basi televizyo yenu ndiyo ya zamani." Na lile tangazo la aibu mbele ya watoto? "Hilo linatoka hukohuko, sisi tunapokea tu." Hukohuko wapi? Kwa mtu mmoja wa Birere anayewajazia wenzake diski nzima. Nikaenda Birere, maana kwa hasira niliyokuwa nayo ningefika hata Sake kwa miguu. Yule naye akasema yeye anapakua tu, makosa ni ya intaneti. Hela yangu ilipokelewa na intaneti? Aliyenyoosha mkono kuichukua si mtu mwenye jina na meza na kiti?

Sasa hilo la "televizyo yenu ya zamani" ngoja nilieleze vizuri, kwa sababu wanawafunga wengi mdomo kwa jibu hilo. Kaka yangu anatengeneza kompyuta, na alinionyesha faili lenyewe. Ndani ya faili moja kuna picha na kuna sauti, na kila kimoja kimefungwa kwa namna yake. Programu ya kompyuta, kama VLC wanayotumia wao, inafungua karibu kila namna. Plazma zetu za bei nafuu zinafungua chache. Sauti ikiwa imefungwa kwa DTS, televizyo nyingi zinanyamaza kimya huku picha inaendelea. Picha ikiwa imefungwa kwa HEVC, televizyo ya miaka ya nyuma inaandika tu kwamba haifunguki. Kubadilisha sauti peke yake bila kugusa picha ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta ileile aliyokaa mbele yake, na programu za kufanya hivyo ni za bure. Kwa hiyo tatizo si televizyo yangu. Tatizo ni kwamba anauza kitu asichokijua, na hataki kukijua. Swali moja tu lingetosha: "Mama, mnatazamia kwenye nini?" Hawaulizi.

Na kule kukatika nusu? Hilo nalo lina mwenyewe. Anakopi kwa watu wengi kwa pamoja, mstari wa kukopi haujafika mwisho, mteja anahimiza, yeye anachomoa. Faili linabaki na jina zuri na kiwiliwili kisichotimia. Halafu kuna virusi. Fulashi ileile inaingia kwenye kompyuta iliyochomekwa fulashi za mji mzima, ukifika nyumbani mafolda yote yamegeuka vialama vya njia ya mkato. Shemeji yangu hivyo ndivyo alivyodhani kazi yake ya mwisho wa masomo imepotea. Haikuwa imepotea, ilikuwa imefichwa tu, lakini alikesha analia mpaka kaka alipomwokoa.

Bado sijagusa fulashi zenyewe wanazouza palepale mezani. Imeandikwa GB 64, bei ya kuvutia, na ukichomeka kompyuta nayo inakuambia 64. Uongo. Ndani kuna chipu ndogo, pengine ya GB 8, iliyopangwa idanganye. Filamu za mwanzo zinacheza vizuri, zile zinazofuata zinaonekana kwa jina lakini hazifunguki, au unapoongeza mpya zinaharibika za zamani. Watu wanalaumu filamu, kumbe ni fulashi. Kuna programu za bure za kuijaribu, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux: inaijaza fulashi yote kisha inasoma tena ilichoandika, na hapo uongo unajitokeza. Muuzaji mwenye heshima angeijaribu kabla ya kuiweka mezani. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji mwenyewe gunia hajalifungua.

Wale mliokuwa hapa enzi za lokasio, maduka ya kukodisha filamu, mnajua ninachodai. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikala maduka chungu nzima, na lokasio tuliyokuwa tukiendea ikajengwa upya kwa mbao juu ya mawe yaleyale. Kwanza kanda, baadaye kompakti, yaani CD. Papa mwenye duka alikuwa na deki na televizyo ndogo pale kaunta. Hukuondoka na kompakti mpaka ameiweka, umeona picha, umesikia sauti. Ikiwa na mikwaruzo anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, ikigoma anakupa nyingine. Daftari lipo: jina lako, avenyu yako, siku ya kurudisha. Ukichelewa unalipa, na wengine waliacha kadi ya uchaguzi kama rehani. Alikuwa mkali huyo papa! Lakini ukali wake ulikuwa wa pande mbili. Kompakti ikikwama katikati, unarudi, anafungua daftari, anakuta jina lako, anakurudishia haki yako. Na alikuwa ameziona filamu zake. "Hii usiiweke watoto wakiwa macho," alikuwa anasema, na alikuwa anasema kweli.

Mtaniambia kompakti zile nazo nyingi zilikuwa kopi. Najua. Sheria ya haki za watunzi hapa Kongo ni ya 1986, na sijawahi kuona mtu wa lokasio wala wa fulashi akilipa senti kwa aliyetunga filamu. Hilo ni deni la nchi nzima na lizungumzwe kwenye uzi wake. Mimi hapa nazungumzia mtu anayepokea pesa kwa mkono wake kisha anaikana kazi yake.

Mwingine ameshaanza kuandika: "Mama, tazama mtandaoni kama dunia nzima." Dunia nzima ipi? Blockbuster, lokasio kubwa ya Marekani, ilikuwa na maduka kama 9,000 duniani kote mwaka 2004, mwaka 2010 kampuni ikafilisika, na waliokuwa wakikodi wakaenda Netflix ya kutazama mtandaoni, ambayo yenyewe ilianza kwa kutuma DVD kwa posta na ikaacha kuzituma Septemba 2023. Sawa, wao lokasio imekufa wakakuta kitu kingine kimesimama mahali pake: intaneti isiyokatika, umeme usiokatika, kadi ya benki mfukoni. Netflix ilifunguliwa kwetu Januari 2016 pamoja na nchi nyingine zaidi ya 120. Haya, ifungue hapa Majengo. Wenyewe wanaandika kwamba picha ya kawaida inakula hadi GB 1 kwa saa, na picha ya HD hadi GB 3. Filamu moja ya Kihindi, ambayo mara nyingi inazidi saa mbili, hesabu mwenyewe mega zake, na forfe, kifurushi cha mega, inakwisha muda wake hata kama hujaimaliza. Ukipakua ukiwa na mtandao mzuri ili utazame baadaye, filamu nyingine zinajifuta saa 48 baada ya kuanza kuzitazama, na humu umeme unaweza ukaondoka kabla hujafika mwisho. Malipo je? Benki zilifunga milango hapa Goma mwisho wa Januari 2025. Kadi niitoe wapi? Na nikishapata vyote hivyo, mama mkwe wangu bado hapati Kiswahili.

Dekoda tunayo. Filamu inaanza saa wanayotaka wao, kwa Kifaransa, na abonema tunayoilipia inahesabu siku hata zile ambazo umeme haukuwaka. Tuiache hapo.

Kwa hiyo kwa familia nyingi za mji huu fulashi ndiyo sinema, hakuna nyingine. Ndiyo maana sikubali kuambiwa "ni filamu tu, mama, unagomba nini." Filamu zinazotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja, kama zile za Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, zimewafanya wazee wetu wakae sebuleni pamoja na wajukuu wafuatilie kisa kimoja, wabishane, wacheke kitu kimoja. Mama mkwe wangu anamjua mwizi wa filamu kabla yetu sote. Asipopata hiyo anageukia ukuta analala, na watoto wanatoroka kwenda kwenye vibanda vya video, ambako hakuna anayeangalia umri wa mtu wala kinachoonyeshwa.

Ninachotaka si kikubwa. Weka televizyo moja ya kawaida pale mezani, si kompyuta, chomeka fulashi, nionyeshe mwanzo, katikati na mwisho. Katuni za watoto zitazame wewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, na yenye tangazo la uchafu usiiuze kwa mtoto hata kama ndiyo mpya kuliko zote. Faili lisilo na sauti libadilishe au lifute. Filamu iliyorekodiwa ndani ya sinema kwa simu, vichwa vya watu vinapita mbele, niambie ni hiyo, nichague mwenyewe. Kuwa na daftari. Nikirudi kesho yake na fulashi mkononi, nipakie nyingine bila kunifokea mbele ya watu. Bei ikipanda kidogo kwa ajili hiyo nitalipa, na si mimi peke yangu.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Yaya wa Himbi unayesema vijana hawa wanatafuta mkate tu, sisi sote tunatafuta. Mimi nauza vitenge, na kitenge kikichuja rangi mteja anakirudisha, nakipokea, namtafutia kingine, hata kama moyo unauma. Sijawahi kumwambia mtu aende kulalamika kiwandani.

Aliyeuliza kwa nini filamu moja ndefu inakataa kabisa kuingia kwenye fulashi wakati nafasi bado ipo: fulashi yako imepangwa kwa FAT32, na hiyo haipokei faili moja lililozidi GB 4. Ipangwe upya kwa exFAT, lakini kwanza hakikisha televizyo yako inaisoma exFAT, na toa vitu vyako vyote kabla, maana kupanga upya kunafuta.

Na wewe kijana uliyeandika kwamba kibanda chako hakifanyi hivyo, Mungu akubariki, lakini usiishie kusema. Andika hapa uko karitie gani, avenyu gani, na kama unakubali mteja arudishe. Wengine pia, mkimjua mpakiaji anayejaribu filamu kwenye televizyo mbele ya mteja, Mabanga, Katindo, Ndosho, popote, tajeni mahali kilipo kibanda, jina la mtu si lazima. Jumamosi hii nitaenda kwa wa kwanza atakayetajwa, na mama mkwe wangu ameshasema tunaenda naye.