Mikono kurukaruka bila kukusudia: chanzo chaweza kuwa nini?

Swali: Mdogo wangu wa miaka 15 hurushwa mikono ghafla kila asubuhi, punde tu baada ya kuamka, na juzi kikombe kilimponyoka kikavunjika miguuni pake, ingawa alikuwa na fahamu zake zote. Je, tatizo laweza kuwa nini?

Jibu la 1: Mishtuko ya misuli ina vyanzo vingi, hata kwikwi ni aina yake, na ule mshtuko wa mtu anaposinzia si ugonjwa. Hata hivyo, mishtuko ya asubuhi katika umri huo hunifanya nifikirie aina ya kifafa inayoanza ujanani, ambayo huchochewa na kukosa usingizi, na kipimo cha umeme wa ubongo husaidia kuitambua.

Jibu la 2: Naongeza kwamba figo au ini likishindwa kufanya kazi, sukari ya damu ikishuka mno, au dawa fulani, zikiwemo baadhi ya zile za sonona, huweza kuleta hali hiyo. Kama anatumia dawa yoyote, asiiache ghafla bila kumwona daktari.

Jibu la 3: Mrekodi kwa simu, kwa sababu mishtuko hiyo ni nadra kutokea mbele ya daktari.