Taa ya kigari kinachoteleza haizimi tangu nibadilishe beringi, msaada wakuu

MwanaUyole:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, gari ni RAV4 ya 2008. Beringi ya mbele kushoto ilikuwa inaunguruma ukikanyaga lami ya Igawa hata redio husikii, nikapeleka gereji moja hapa mjini wakabadilisha, mlio ukaisha kabisa hapo sina neno. Ishu ni kwamba tangu siku hiyo dashibodi inawaka taa ya kile kigari chenye alama za tairi zilizopindapinda, ABS (ya kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) inawaka na VSC (ya kuzuia gari lisiteleze) nayo. Kinachonishangaza nikipiga switchi zote zinazima vizuri tu, nikitoka getini nikaanza kutembea zinarudi. Fundi anasema kontroli boksi ya ABS imekufa nitafute ya mtumba, msaidizi wake ananiambia wachomoe tu balbu niendelee na maisha 😅. Wiki ijayo nashuka Dar na familia na mvua hizi, mteremko wa Kitonga nauwazia. Nianzie wapi?

MzeeWaMakete:
Hilo ni tope mkuu wala usiumize kichwa. Sisi wa Makete masika tunazijua hizo taa. Vua tairi, sensa inayosoma spidi ya tairi imeshikwa na bolti moja, itoe ufute kichwa chake, huwa kinagandiwa na unga wa chuma. Ikigoma chomoa betri ilale bila moto, asubuhi unawasha freshi.

SpanaKumi:
Kusafisha sensa sawa, ila betri haitibu kitu hapo, hata taa zikizima zitarudi ukishatembea.

MwanaUyole, boksi usinunue kwanza. Hiyo mambo ya kuzuia tairi zisiteleze haina sensa zake za spidi, inaazima za ABS, moja kila tairi. Kompyuta inalinganisha spidi za tairi zote nne, moja ikikimbia kuliko wenzake inajua hii inateleza, inaibana breki au inapunguza nguvu ya injini. Sasa ikikosa habari za tairi moja tu inajitoa mchezoni yote, ndo maana umewashiwa taa tatu kwa mpigo. Waya ungekuwa umekatika, mara nyingi taa isingezima hata gari likiwa limesimama. Yako inasubiri utembee, maana yake sensa ipo hai ila haioni kitu kinachozunguka. Na imeanza baada ya beringi.

Beringi za hizi gari sili (kile kifuniko cha pembeni) ya upande mmoja ina sumaku ndogondogo zimezunguka, kwa macho huzioni, ni kama raba tu. Upande huo lazima uangalie sensa. Fundi akiiingiza kinyume kwa presi (mashine ya kukandamizia) itazunguka vizuri na haitaunguruma, lakini sensa itakuwa inatazama chuma kitupu. Au wamekuuzia isiyo na sumaku kabisa, hizo nazo zipo madukani na zinaingia vilevile.

Pima hivi. Chini ya stelingi kuna soketi ya mashine ya kupimia gari, unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kawaya, halafu washa switchi bila kupiga injini, taa ya ABS itablinki. Ikipiga mara 3, ikatulia, ikapiga 2, hiyo ni 32, sensa ya mbele kushoto. Hesabu tundu taratibu, namba 16 ina moto wa betri moja kwa moja, ukiigusisha na 4 umeunguza fyuzi. Ukienda kwa mwenye mashine akuoneshe spidi za tairi nne gari likiwa linatembea, ila vile viskana vidogo vya bluetooth vingi vinasoma injini tu. Kisha toa sensa, chukua pini ya karatasi ifunge uzi isije ikakudondokea ndani, ipitishe kwenye tundu la sensa iguse sili. Kama kuna sumaku utasikia inashika kidogo.

IpogoloBoy:
Kamwene wakuu. Naongezea tu, kama taa ya cheki injini nayo ingekuwa imewaka usingegusa ABS kwanza, Toyota nyingi injini ikiumwa zinawasha na VSC. Mark X yangu ilikuwa koili (zinazopeleka moto kwenye plagi), nimebadilisha koili zote zikazima. Na tairi za saizi tofauti pia huwa zinaleta hizo taa.

Kuhusu Kitonga, breki za kawaida unazo, ila ukikanyaga ghafla kwenye utelezi tairi zinaweza kujifunga na gari lisikate kona. Shuka na gia ndogo, usikae juu ya breki muda wote. Ikiwaka ile nyekundu ya breki paki kwanza ucheki oili ya breki. Mimi ningetengeneza kabla ya safari aisee.

MwanaUyole:
Wakuu imepiga 32! Pini nayo haishiki kabisa. Nimeenda gereji, fundi kanuna kidogo halafu anasema ataitoa aigeuze, bure. Nikubali?

SpanaKumi:
Usikubali. Ikishaingia kwa presi, kuitoa lazima isukumwe kupitia gololi zenyewe, itaanza kuunguruma baada ya muda mfupi. Weka mpya, yenye sumaku, na uijaribu kwa pini palepale dukani kabla hujalipa. Halafu simama pale kwenye presi uone upande gani unaingia, na wasiipige nyundo, sumaku zile hazipendi.

MwanaUyole:
Mpya imeingia, nilisimama palepale mpaka fundi akaniuliza kama nataka kazi. Nimekimbia mpaka Inyala na kurudi, dashibodi nyeupe. Tumegawana hela ya beringi, ufundi kasamehe. Ndaga sana SpanaKumi.

MzeeWaMakete:
Safi. Ila na sensa si ulizifuta lakini?

MwanaUyole:
Nilifuta mzee 😂 unga wa chuma ulikuwepo kweli.