Urushaji wa roketi Bahi: watoto wamewekwa juani kumsubiri mgeni rasmi, malisho ya watu yameungua, waandaaji kimya

Wakuu, habari za jioni. Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa, naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa hapa mkoani Dodoma. Jumamosi iliyopita nilipeleka wanafunzi wangu Bahi kwenye urushaji wa roketi ndogo ulioandaliwa na klabu ambayo sitaitaja. Wenyewe wanajijua, na baadhi yao wamo humu. Wazazi walitoa nauli na ada ya ushiriki, na kwa hali ilivyo sasa mnajua mzazi anatoaje hela ya namna hiyo.

Niwaambie kwanza hao watoto walileta nini, maana naona waandaaji hawakuwahi kukiangalia. Kuna binti wa kidato cha pili alitengeneza mwili wa roketi kwa karatasi ya manila, akaizungushia kwenye bomba la maji la plastiki huku akipaka gundi tabaka kwa tabaka, ikakauka, akalichomoa bomba. Mapezi aliyakata kwenye plaiwudi nyembamba na kuyasugua kwa msasa mpaka kingo zikawa laini. Parachuti aliishona kutoka kwenye mwavuli uliovunjika wa bibi yake. Halafu akaifunga roketi uzi pale inapojisawazisha, akaizungusha juu ya kichwa uwanjani ili aone kama pua inatangulia. Ikatangulia. Maana yake uzito uko mbele kuliko pale upepo unaposukuma, na ndivyo roketi inavyotakiwa kuwa ili isipinduke hewani. Mtoto wa miaka kumi na nne huyo.

Sasa ratiba. Fomu ilisema roketi ya kwanza inaondoka saa moja kasoro robo asubuhi, na ilisema hivyo kwa sababu ya maana. Aliyeishi Dodoma kiangazi anaujua upepo wetu. Alfajiri majani hayatikisiki, jua likishapanda unaanza kuamka kutoka kusini mashariki, na ikifika mchana unabeba vumbi na mabati. Kwa hiyo tuliondoka usiku, watoto wakalala kwenye basi, saa kumi na mbili na nusu tupo mbugani. Hewa imetulia kabisa. Asubuhi nzuri ya kurusha roketi kuliko ile sijaiona.

Tukaambiwa tusubiri mgeni rasmi.

Saa moja, tusubiri. Saa mbili, yuko njiani. Saa tatu nikamfuata mratibu nikamwambia kaka, upepo umeanza, turushe hata za wanafunzi, mgeni akija arushe ya kwake. Akanijibu kwamba haiwezekani kurusha kabla ya hotuba, itakuwa kumvunjia heshima. Mgeni alifika saa sita kasoro. Hotuba ilikuwa ndefu.

Kipima upepo changu cha mkononi wakati huo kinasoma mita 10 kwa sekunde, mara kinaruka 11. Mita 10 kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa. Klabu hii imeandika kwenye fomu yake kwamba inafuata kanuni za usalama za NAR, chama cha warusha roketi cha Marekani kilichoanzishwa 1957. Kanuni hizo zinasema upepo ukizidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, haurushi. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa mgeni rasmi akiwa amekaa. Nilimwonyesha mratibu kipimo. Akasema mwalimu, usitutie nuksi.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Roketi ikifungua parachuti ikiwa mita 300 juu, ikashuka mita 5 kila sekunde, inakaa hewani dakika nzima. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ndani ya hiyo dakika unaipeleka mita 600. Roketi ya yule binti ilipanda vizuri, ikalala kidogo kuelekea upepo unakotoka kama zinavyofanya zote, parachuti ya mwavuli ikafunguka bila kasoro, watu wakapiga makofi. Halafu ikaenda. Ikapita juu ya mahema, ikapita barabara, ikapotelea kwenye matete. Tumeitafuta mpaka jua linataka kuzama. Haikupatikana. Angeirusha saa moja asubuhi ingeshuka mbele ya macho yake na angeirusha tena.

Hilo la roketi kupotea ningelimeza. Mengine ya siku ile siyamezi.

Mpango wa awali ulikuwa kusimika fimbo za kurushia, zile zinazoiongoza roketi inapoondoka, katikati ya ule uwanda ambao maji ya Bahi yakikauka unabaki udongo mtupu uliopasukapasuka, hakuna hata unyasi. Ndiyo sababu ya watu kwenda mahali kama pale. Wamarekani wanakwenda Black Rock kule Nevada kwa sababu hiyo hiyo, ni ziwa lililokauka, cheche ikianguka haina cha kushika. Sisi tulikuwa na uwanda wetu. Lakini gari la mgeni lisingefika kule, na hema na viti vilivyovalishwa vitambaa visingesimama kule, kwa hiyo vyote vikahamishiwa pembeni, karibu na barabara, kwenye nyasi kavu zinazofika magotini. Kanuni zinataka nyasi kavu ziondolewe kuzunguka sehemu ya kurushia. Hakuna aliyeshika hata jembe.

Na injini? Zilikusanywa zote kwenye boksi moja, zikawekwa nyuma ya pikapu chini ya turubai, zikakaa juani asubuhi nzima. Injini hizi ndogo ni baruti iliyoshindiliwa. Zikipata joto kali, zikapoa, zikapata tena, baruti huingia ufa. Kwenye injini yenye ufa moto hauendi taratibu kutoka chini kwenda juu, unapita kwenye ufa na kuwaka kote kwa mpigo. Hapo injini haisukumi kitu, inapasuka.

Roketi ya mgeni ndiyo iliyoanza. Akabonyeza kitufe, haikuwaka. Kijana mmoja wa klabu akatoka mbio kuiendea, ufunguo wa usalama bado uko kwenye kisanduku cha kitufe, betri imeunganishwa, na kidole cha mgeni kiko pale pale kwenye kitufe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Inatakiwa utoe ufunguo, usubiri dakika moja kamili, ndipo mtu asogee. Dakika moja! Watu waliosubiri mgeni tangu alfajiri wameshindwa kusubiri dakika moja kulinda uso wa kijana wa watu.

Wakati huo mpiga picha anawaita watoto wasogee ili waonekane pamoja na mgeni. Injini hupangwa kwa herufi kulingana na nguvu, A ikiwa ndogo kuliko B na kuendelea: umbali wa chini kabisa wa kusimama kwa injini za herufi D kushuka ni mita 5, ukivuka hapo ni mita 9, na E inaweza kufika mara mbili ya D. Niliwarudisha wanafunzi wangu kwa mkono, mmoja mmoja. Walimu wenzangu wa shule nyingine, mliona, semeni.

Ya tatu au ya nne kurushwa, ya klabu, injini E, ilipasuka pale pale kwenye fimbo. Vipande vinavyowaka vikaruka kwenye nyasi. Kwa upepo ule sikuona hata moto ulivyoanza, niliona tayari unakimbia. Ndoo ya mchanga haipo. Kizima moto hakipo. Tuliuzima kwa matawi na kwa maji ya kunywa ya watoto, madereva wa mabasi wakavua mashati kusaidia, Mungu awabariki. Mgeni aliingizwa kwenye gari akaondoka. Hakuna mtoto aliyeungua, na hilo halitokani na chochote kilichofanywa na waandaaji.

Tangazo lenu lilisema tunakwenda jangwani, hakuna watu. Pale kuna watu. Moto ulipozimika akaja mzee wa Kigogo na fimbo yake, ndama wake wamesogea nyuma kwa woga. Akatusalimia, mbukwenyi, kwa utulivu uliotuaibisha watu wazima wote pale. Akauliza nani mkubwa wa shughuli. Akaeleza kwamba kile kipande tulichokiunguza ndicho alichokuwa amekiacha kwa ajili ya ndama mpaka mvua, na mvua zetu kabla ya mwishoni mwa Novemba au Desemba usizitarajie. Mratibu akamjibu, na nilikuwa hatua mbili kutoka walipo, "Mzee, si nyasi tu hizo?" Akamgeuzia mgongo akaenda kusimamia upakiaji wa viti.

Nyasi tu. Kwa mfugaji wa Bahi, mwezi huu.

Mzee hakusema neno. Alimwangalia mgongoni, halafu akaniangalia mimi, na sikuwa na cha kumwambia zaidi ya pole mzee wangu.

Tangu Jumamosi nimeandika kwenye kundi la klabu. Ujumbe wangu umefutwa. Badala yake zimewekwa picha za mgeni akibonyeza kitufe, na maneno kwamba tukio limefana. Ndiyo maana nimekuja huku.

Ninachotaka kiko wazi. Mkamwone yule mzee, mkiwa na mwenyekiti wa kijiji, mkae mkubaliane fidia ya malisho, na mfanye hivyo wiki hii. Mseme hadharani kama mlikuwa na kibali cha anga au hamkuwa nacho, maana nilipouliza nilijibiwa "tumeshaongea nao" bila karatasi. Na awepo mtu mmoja wa usalama mwenye mamlaka ya kusema leo harushi mtu, hata mgeni awe nani, na asiwe mratibu anayehangaika na maspika na soda.

Mgeni rasmi akitaka kuona roketi aamke na watoto. Saa moja kasoro robo, kwenye udongo mtupu, atembee kwa miguu kama wao.

Mmeshatangaza urushaji mwingine mwezi ujao, ratiba ile ile, mahali pale pale. Wanafunzi wangu hawaji. Barua kwa wakuu wa shule nyingine nimeshaiandika, inaondoka Jumatatu, na kipimo cha upepo nimekiambatisha.