Hisa za mgao: tuzishike hadi lini?

Mwanzisha mjadala, Lamu

Assalamu alaikum. Jamaa zetu wamegawanyika, nami nauleta mzozo huu hadharani kwa kuwa naamini haumo nyumbani mwetu peke yake. Tumeuza shamba la minazi la marehemu babu, na wazee wanataka fedha zinunue kiwanja Mokowe. Mimi nataka zinunue hisa za kampuni zinazotoa mgao wa faida katika Soko la Hisa la Nairobi, tuzishike miaka 20, na kila mgao unaoingia tuununulie hisa nyingine.

Mfano wangu ni huu. Aliyepata hisa 10,000 za Safaricom mwaka 2008, zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, alitoa shilingi 50,000. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya shilingi 3, na wengi waliuza kwa hofu. Aliyetulia alilipwa shilingi 1.20 kwa kila hisa kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024. Ikiondolewa kodi ya asilimia 5, alibaki na shilingi 11,400, yaani zaidi ya moja ya tano ya mtaji wake wa awali, kwa mwaka mmoja, na hisa zake bado anazo. Kwa nini basi auze, hata siku moja?

Mchangiaji, Malindi

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi lakini inapima kitu kisichostahili kupimwa. Shilingi 50,000 za mwaka 2008 hazipo tena. Kilichopo ni thamani ya hisa hizo leo. Tuseme hisa moja inauzwa shilingi 20. Basi umekalia shilingi 200,000, na shilingi 11,400 ni asilimia 5.7 tu ya mali hiyo. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani (hati ya kuikopesha serikali fedha) ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Sisemi kwamba hisa haiwezi kuishinda, kwa kuwa mgao na bei vyaweza kupanda ilhali riba ya hatifungani imefungwa. Nasema swali la kuuza au kutouza huulizwa kwa bei ya leo, wala si kwa bei uliyonunulia.

Tena umetutajia jahazi lililofika, ukaacha yaliyozama. Kenya Airways iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11.25, na kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2025 mwenye hisa hakuweza hata kuziuza sokoni. Mumias, iliyokuwa fahari ya sukari, iliwekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Kenya Power ilipitisha miaka kadhaa bila mgao wowote kwa wenye hisa za kawaida. Walionunua kampuni hizi nao waliambiwa wavute subira.

Mwalimu wa madrasa, Lamu

Nashukuru kwa hesabu, ila mmeruka jambo ambalo kwetu ndilo la kwanza. Hatifungani ya riba sitaijadili. Kwenye hisa zenyewe, wanaosifika kwa mgao mnono Nairobi ni mabenki, kampuni ya sigara ya BAT na kampuni ya bia ya EABL. Mwislamu anayechunga akiyaweka kando hayo, anabaki na kapu dogo: simu, umeme, majani ya chai na machache mengine. Kapu dogo si dhambi, lakini aliye nalo asijidanganye kwamba ametawanya hatari, kwani msimu mmoja mbaya wa chai utamgusa kuliko utakavyomgusa jirani yake mwenye hisa za benki tano.

Mchangiaji, Malindi (binti wa marehemu mwenye hisa)

Baba alishika hisa zake hadi alipofariki, kama anavyotaka ndugu wa Lamu. Vyeti tulivikuta sandukuni, anwani ya posta ilikuwa ya zamani, na akaunti ya benki ilikwisha fungwa. Mgao usiodaiwa kwa miaka mitatu huhamishiwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa; haupotei, lakini kuurudisha kulitaka hati za mirathi kutoka mahakamani na safari ambazo sitazihesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Mnaopanga miaka 20, nani nyumbani anajua namba ya akaunti ya hisa?

Mwanzisha mjadala

Hoja ya asilimia 5.7 imenishinda, nakiri. Ya mwalimu imeninyima nusu ya orodha niliyokuwa nimeiandaa, na kwa dada wa Malindi nimejibu kwa vitendo: namba ya akaunti imeandikwa katika daftari la familia, na watu watatu wanajua lilipo. Lakini kiwanja nacho hakitoi kitu mpaka kiuzwe, na huku kwetu kuna familia zilizokaa vizazi kadhaa zikingoja hatimiliki.

Pendekezo nililowapelekea wazee sasa ni nusu kwa nusu. Katika nusu ya hisa, kampuni moja isizidi robo. Na ikikosa kutoa mgao miaka miwili mfululizo, au ikitoa mgao kwa fedha za kukopa, tukae kikao cha kuiuza hata kama ni kwa hasara. Ami yangu ameusoma waraka mzima, akauliza kama nimewahi kuona kiwanja kikishuka kutoka shilingi 5 hadi chini ya 3.