Mwalimu anayechezesha vijeba UMITASHUMTA: afungiwe maisha au tunamuonea?

Mzee wa Kibendera: Wakuu, juzi nipo uwanjani mechi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, timu moja imeleta kijeba, yaani aliyezidi umri, straika ana ndevu kabisa, akamla kiwiko beki wa darasa la 5 mdomo ukachanika, na wazazi wa upande wake wanapiga kelele "mwongeze!" Filimbi ya mwisho hata mikono hawakupeana. Huyu mwalimu afungiwe maisha au mnaonaje?

Mama Zuu: Afungiwe. Mtoto anafundishwa wizi akiwa na jezi ya shule.

Chogo_Original: Ndevu ndo cheti cha kuzaliwa siku hizi? Mimi la 7 nilikuwa nanyoa.

Mzee wa Kibendera: La kwanza ulianza na miaka mingapi, tuanzie hapo 😂

Chogo_Original: Usinitanie. Kwetu shule ulikuwa unaandikishwa mkono ukipita juu ya kichwa ukashika sikio, kama haufiki unarudi kuchunga. Sasa huo ni udanganyifu?

Dogo Janja wa Temeke: Ndo maana FIFA wakaleta MRI ya kifundo cha mkono kupima umri Kombe la Dunia U17 (chini ya miaka 17), 2009 kule Nigeria. Mfupa haubishani.

Nkwabi: MRI wilaya gani boss? Huku hata X-ray ikiharibika tunaandikiwa rufaa.

Ticha Pole: Mimi mwalimu, niseme ukweli mtanichukia. Mkuu anataka kombe ofisini, afisa elimu naye anataka wilaya ipite. Ukirudi mikono mitupu mwakani anapelekwa ticha mwingine na posho ni yake. Mamluki, hao wachezaji wa kukodi, hawaji wenyewe, wanaagizwa.

Mama Zuu: Kwahiyo posho yako ndo meno ya mtoto wa mwenzio?

Ticha Pole: Mama sijasema nimefanya mimi!!

Dogo Janja wa Temeke: Tusijifanye watakatifu, kufuzu AFCON U17 ya 2017 Congo waliwatoa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U17, kwa goli la ugenini, wakaenguliwa kisa umri, tukaenda Gabon tunashangilia.

Chogo_Original: Congo ipi? Kinshasa wale hawana utani na mpira

Dogo Janja wa Temeke: Brazzaville, soma. Mchezaji wao hakutokea kwenye kipimo.

Nkwabi: Na 2005 je? Tulifuzu AFCON U17 kwenda Gambia, tukaenguliwa sisi kwa kijeba wetu. Hiyo mbona huitaji?

Dogo Janja wa Temeke: 2005 nilikuwa chekechea

Nkwabi: Na vyeti vinasemaje? 😂😂

Mzee wa Kibendera: Jamani turudi kwenye mada, yule dogo aliyepigwa kiwiko

Chogo_Original: Kiwiko ni mpira mzee, asiyetaka kuumia akacheze netiboli na dada zake.

Mama Zuu: Weee! Netiboli imekukosea nini? Nimecheza GD, beki wa goli, UMISSETA ya sekondari mpaka mkoa, niliyemkaba alikuwa anaomba sub mwenyewe.

Asha wa Nyuki: Chogo njoo uwanjani na hizo ndevu zako za darasa la 7, usipoguswa rinda langu halali yako

Chogo_Original: Mmenivamia sasa

Mama Zuu: Bado. Jibu kuhusu netiboli kwanza.