Globu ya taa ya mbele ya pikipiki: nibaki na HS1, niweke H4 au LED?

Mtembea_Usiku
Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Pikipiki ni ya cc 150, globu ya mbele ni HS1, volti 12, wati 35/35 (fulu/dimu). Dimu (mwanga wa chini) imekufa. Fulu (mwanga wa mbali) inawaka ila ni njano kama kibatari, shimo naliona tairi likiwa limeshaingia. Plagi ya nyuma ya globu imebadilika rangi upande mmoja, imekuwa kahawia. Nimeshauriwa mambo mawili: H4 (aina nyingine ya globu) ya wati 100/90, au LED ambayo boksi lake limeandikwa wati 80. Nina bisibisi, spana na mita ya bei rahisi. Nataka kazi niifanye mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi?

Fundi_Volti
Hela ibaki mfukoni kwanza, mkuu. Hiyo rangi ya kahawia kwenye plagi ndiyo imekujibu. Plagi haiungui kwa sababu globu ni dhaifu; inaungua kwa sababu temino imelegea au ina kutu, umeme unapita kwa shida na pale penye shida panazaliwa joto. Volti zinazopotea pale ndizo hazifiki kwenye globu.

Na globu ya halojeni, kama hiyo HS1 yako, haina huruma na volti. Zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30. HS1 nzima, ikipata volti 13.2, inatoa lumeni (kipimo cha mwanga) 825 kwenye fulu na 525 kwenye dimu. Hiyo inatosha kabisa kwa mwendo wa kawaida. Ukiona kibatari, ujue globu ina njaa.

Kwanza jua taa yako inakula wapi. Washa swichi kuu bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka, inakula kwenye betri. Ikiwa haiwaki mpaka injini iungurume, na inafifia silensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) ikishuka, inakula moja kwa moja kwenye koili ya magneti (inayozalisha umeme injini ikizunguka), huo ni umeme wa AC. Jibu hili ndilo litakaloamua mambo ya LED huko mbele, usiliruke.

Baada ya hapo pima. Globu iwe imechomekwa na inawaka, injini kwenye mzunguko wa kati. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi, zikutane na temino bila kuichomoa. Ukipima plagi tupu utaona volti nzuri za uongo, kwa sababu hakuna mzigo. Chukua namba tatu: temino mbili za betri, temino mbili za globu, halafu ncha moja kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye negativu ya betri kupitia fremu) nyuma ya globu. Ziandike hapa.

Kijana_wa_Spea
H4 ya 100/90 kwenye taa ya pikipiki ndogo? Hapo unafungua jiko, unaweza kukaanga chapati.

Umeme_Bila_Longolongo
Kijana ametania ila hesabu iko hivyo hivyo. Wati 35 kwa volti 12 ni ampia 3 kasoro kidogo. H4 ya kawaida ya 60/55 ni ampia 5. Wati 100 ni zaidi ya ampia 8. Swichi ya dimu pale kwenye usukani na waya mwembamba unaokwenda kwenye taa vilitengenezwa kwa ampia 3. Kitakachofuata kinajulikana: plagi inayeyuka, kisha vidole vya shaba ndani ya swichi vinaungua, kisha reflekta (bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele) ya plastiki inafanya malengelenge juu ya globu na kupoteza ile rangi ya kioo. Reflekta ikishafika hapo hairudi, unanunua taa nzima. Na betri inaanza kuishiwa, maana magneti ya pikipiki ndogo ina taa ya nyuma, indiketa na mfumo wa moto wa kulisha pia.

Halafu kitako chake si sawasawa. HS1 na H4 zinafanana sana kwa macho, zote zina masikio matatu, lakini masikio ya HS1 yamepishana kidogo na ya H4 makusudi ili zisibadilishwe ovyo. Ukimwona mtu anapiga tupa sikio la globu ili iingie, mwambie aache. Ikikaa upande hata milimita moja, mwanga unakwenda juu ya miti.

Mama_Kipusa
Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi yangu inaunguza globu kila baada ya siku chache, fulu na dimu zinakufa pamoja, na mara nyingine taa ya nyuma inaondoka nayo. Nimebadilisha aina tatu za globu.

Umeme_Bila_Longolongo
Dada, hapo acha kununua globu. Nyuzi mbili za ndani ya globu zikifa pamoja na taa ya nyuma ikifuata, volti zimepanda. Halojeni ikizidishiwa volti asilimia 5 tu, maisha yake yanakatika karibu nusu.

Pima betri injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikivuka 15, mshukiwa ni rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magneti uwe wa betri na kuzuia volti zisizidi), lakini kabla ya kuinunua fungua plagi yake uangalie kutu, na hakikisha ethi ya rektifaya imebana kwenye fremu. Rektifaya isiyo na ethi haiwezi kuzuia chochote. Angalia pia temino za betri: betri ikilegea au ikiwa imekufa kabisa, volti zinarukaruka na globu ndizo zinazolipa. Kama taa yako ni ya AC, weka mita kwenye AC na upime palepale kwenye globu.

Na usitupe globu iliyokufa bila kuiangalia, inasema imeuawa na nini. Kioo kikiwa cheusi au cha fedha, imechakaa au imepigwa na volti nyingi. Kikiwa na unga mweupe ndani, kioo kimepata ufa na hewa imeingia. Uvimbe kwenye kioo ni mafuta ya vidole. Kioo kisafi na uzi umekatika tu, hiyo ni mtikisiko: taa imelegea kwenye vishikio au klipu haikubana.

Mtembea_Usiku
Nimepima. Taa inawaka bila injini, kwa hiyo ni ya betri. Injini ikinguruma, fulu imewashwa: betri 14.0. Kwenye globu 11.4. Negativu ya betri kwenda ethi ya globu inasoma 1.5.

Fundi_Volti
Safi, sasa tunaongea kwa namba. Zimepotea volti 2.6 njiani. 1.5 zimekufa kwenye ethi peke yake, zilizobaki 1.1 ziko upande wa chanya. Kwa 11.4 globu yako inatoa chini ya asilimia 60 ya mwanga ambao ingetoa kwa 13.4. LED ingekuficha tatizo tu. Temino ingebaki na kutu yake.

Anza na ethi. Fuata waya wa ethi kutoka kwenye plagi ya taa hadi ulipofungwa, mara nyingi ni karibu na shingo ya fremu au kwenye bano la taa. Fungua bolti, piga msasa jicho la waya na fremu mpaka chuma king'ae, hasa kama pikipiki imewahi kupakwa rangi upya (rangi ni kizuizi kizuri sana cha umeme, na mafundi rangi hawajali). Rudisha, kaza, paka grisi kidogo juu. Bado ikisoma zaidi ya 0.2, vuta waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka ethi ya globu hadi negativu ya betri, kazi imeisha.

Upande wa chanya, kata plagi iliyoungua. Usiisafishe, temino ikishapata joto inapoteza ukakamavu na haitabana tena hata uifinye na koleo. Nunua plagi ya kauri yenye mikia ya waya, inavumilia joto. Unganisha waya mmoja mmoja, rangi ile ile, kwa temino za kubana au kwa kulehemu na risasi, na mpira wa kusinyaa juu yake. Kusokota na kufunga selotepu ni kujitengenezea uzi mwingine wa kuomba ushauri mwezi ujao.

Halafu fungua kasha la swichi usukanini, skrubu mbili tu, lakini fungua juu ya kitambaa kwa sababu kuna kijispringi na kigololi vinapenda kuruka. Safisha vidole vya shaba kwa msasa laini wa 1000, futa na spiriti.

Kijana_wa_Spea
Kwa kufunga globu yenyewe: fungua skrubu za pembeni za kichwa cha taa, kivute mbele taratibu, waya ni mfupi. Chomoa plagi kwa kuishika yenyewe, sio waya. Vua mpira wa vumbi, bonyeza klipu ya waya na uipeleke pembeni, globu inatoka. Mpya ishike kwenye kitako. Ukigusa kioo, futa na spiriti, iache ikauke. Sikio pana linakaa juu, haliingii vibaya usipolilazimisha. Mpira urudi ukiwa umebana pande zote, maana vumbi likiingia linakaa kwenye reflekta, na reflekta haifutwi na kitambaa. Ile rangi ya fedha ni nyembamba kama moshi, inatoka na kitambaa.

Kabla hujanunua, pima globu kwa ohm. Kila uzi unasoma chini ya ohm 1. Duka zuri litakuruhusu kupima.

Mzee_wa_Kiwambo
Mimi sikubaliani na kuipiga vita LED moja kwa moja. Nzuri ipo, inakula ampia 1 hivi na betri inapumua. Tatizo ni kuchagua kwa kusoma boksi.

Umeme_Bila_Longolongo
Mzee, hapo tuko pamoja, ila tumwambie namna ya kuchagua. Wati 80 za kwenye boksi zipime: mita kwenye tundu la 10A, iungwe mfululizo na waya wa chanya. Ikisoma 1.3, zidisha kwa 12, umepata wati 16. Hizo ndizo ulizonunua.

Umbo ni muhimu kuliko wati. Ndani ya HS1 uzi wa dimu una kikombe cha chuma chini yake, kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya reflekta, ndiyo maana dimu haimpigi machoni anayekuja. LED inayofaa ina chipu ndogo pande mbili, kushoto na kulia, mahali pale pale uzi ulipokuwa, na kikombe chini ya chipu za dimu. Zile zenye chipu kubwa pande tatu au nne kama gunzi la mahindi zinatapanya mwanga kila upande: wewe unaona matawi, wa mbele haoni kitu.

Kwa wenye taa ya AC, LED nyingi zitapepesa au zitakufa mapema. Kuigeuza iwe ya betri kunahitaji kuondoa ethi ya koili ndani ya magneti, kutoa waya wa pili na kufunga rektifaya ya mawimbi kamili. Hiyo mpelekee fundi umeme. Na hakikisha feni au mkia wa LED unapata nafasi nyuma. Ukiukata mpira wa vumbi ili upite, mvua ya kwanza inakaa ndani.

Mtembea_Usiku
Nimesafisha ethi, plagi ya kauri nimeweka, swichi nimesafisha, globu mpya ya HS1. Sasa ethi inasoma 0.1, kwenye globu 13.4. Mwanga ni mweupe kabisa, tofauti kubwa. Je, nifunge rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) pia?

Fundi_Volti
Kwa 13.4 huhitaji. Umebakiza 0.5 upande wa chanya, hiyo ni ya swichi mbili na waya, inakubalika. Ingebaki volti 1 ningekwambia ufunge rilei mbili za volti 12, moja ya fulu na moja ya dimu: pini namba 30 ya rilei itoke betri chanya kupitia fyuzi ya ampia 10 iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye globu, 86 ipokee waya wa zamani wa swichi, 85 ethi. Kwa taa ya betri tu. Kwenye AC rilei inanguruma kama nyuki.

Sasa rekebisha mwelekeo, hapa wengi ndipo wanapoharibu. Upepo wa tairi uwe sawa, wewe umekaa juu, pikipiki wima, mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu: mstari wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 7 chini ya alama. Legeza bolti za pembeni, inamisha, kaza.

Mzee_wa_Kiwambo
Na kama unabeba abiria kila siku, pima ukiwa na abiria nyuma. Nyuma ikizama, taa inatazama angani. Kwa mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) hakuna kipimo.

Mtembea_Usiku
Ilikuwa sentimita 4 JUU ya alama. Nimeishusha hadi 6 chini. Kioo cha mbele kina ukungu wa njano, dawa ya meno inafaa?

Kijana_wa_Spea
Kama ni plastiki na ukungu ni mwepesi, inafaa. Ukiwa mzito, msasa wa maji: 800, kisha 1500, kisha 2000, maji yakimwagika muda wote, malizia na polishi. Kitaonekana kimeharibika kabisa baada ya 800, usiogope, endelea. Kabla ya kukirudisha tafuta kitundu cha kutolea maji chini ya kichwa cha taa na ukizibue kwa kijiti, mara nyingi kimejaa tope.