Mti wa maua ya njano Upanga, naomba kujua jina lake

Habari zenu wakuu. Hapa Upanga, Dar, kuna mti mkubwa kando ya barabara ninapopaki bajaji, na jina lake limenishinda. Kwa mbali utasema ni mkrismasi, ule wa maua mekundu, maana majani yake ni vipande vidogo vidogo vilivyopangana kama unyoya. Ila maua ni ya njano, petali tano zenye mikunjo kama karatasi, yamesimama wima juu ya matawi. Matumba yake yana rangi ya kutu, ukiyashika ni laini kama mahameli. Asubuhi chini panakuwa zulia tupu!

Mzee wa kahawa kijiweni anasema ni mjohoro. Nimemkatalia kwa heshima. Mjohoro naujua, kuni zake ndizo zimenikuza. Majani yake ni makubwa zaidi na maganda marefu kama mikanda. Huu maganda yake ni mafupi, bapa, rangi ya shaba iliyokolea.

Mliosoma misitu nisaidieni, hata jina la kisayansi sawa tu. Na je, mizizi yake inapasua ukuta? Mbegu nimeshaokota, nataka kupanda karibu na nyumba.